Kitambaa Cheupe Juu ya Boksi ya Umeme

Musinicheke kwanza, mungoje nimalize, maana hata leo nikipita mbele ya ile salle ya sherehe kule Ibanda nageuza uso upande wa ziwa kama mutu aliyeiba mbuzi. Aibu ni yangu, nakubali, lakini hasira nayo ni yangu, na hasira ndiyo kubwa.

Dada yangu Furaha alikuwa anaolewa na Dieudonné. Mimi, mudogo wake, nilikuwa nimejiundia mashine ya kuchonga mbao, ile inayoongozwa na kompyuta, na Papa (aliyeiita "ile kitu yako ya kelele") alisema nikiwachongea majina yao mbele ya wageni na ikitoka vizuri, atanipa chumba cha mbele, kile kinachoangalia barabara, tunachowekea maharagwe, niweke atelier yangu ya kuchongea. Basi munaona nilivyokuwa nakitaka kile chumba.

Mashine yenyewe iko hivi: kompyuta inatuma amri kwa kadi ya kuongoza, kadi inaamuru vikadi vidogo tunavyoviita draiva, na kila draiva inasukumia mota yake umeme kidogo kidogo, mota moja inapeleka kisu kushoto na kulia, ingine mbele na nyuma, ya tatu inakipandisha na kukishusha. Kisu kinazungushwa na mota ingine kabisa, haina habari na draiva. Na amri zinashuka tu, hakuna anayerudisha jibu: draiva ikizimia, huko juu hawajui. Tena draiva zinachemka sana, ndiyo maana boksi yao nimeiwekea feni, na pembeni kibonye chekundu cha kukatia mota zote umeme.

Sasa siku ya arusi, mashine iko tayari mezani, akafika Maman Chantal, mwenye kupamba salle, akaangalia boksi yangu kama ameona panya kwenye sahani.

"Nadège, hii mafili yako ya umeme inaniharibia décoration."

"Maman, boksi inahitaji hewa."

"Hewa ya nini? Iko inapumua? Tutafunika tu kidogo."

Na mimi (mujinga!) nikasema, "Sawa, maman." Akatandika kitambaa kimoja kirefu cheupe, kikafunika boksi, feni, kibonye, kikaendelea mpaka upande wa pili wa meza, na juu yake wakaweka keki.

F ikatoka safi. U, safi. R, watu wakapiga makofi, Papa akasimama aone vizuri, na kule chini ya kitambaa draiva ya kushoto-kulia ikazimia kwa joto. Kisu hakikusogea tena pembeni, kikabaki kinaenda mbele na nyuma palepale, A, H, A, zote zikawa mustari moja, kama I. Mwenye kuongoza sherehe akapaza sauti kwenye micro:

"Wageni wapendwa, bibi-arusi anaitwa Furi!"

"Furi! Furi!" salle nzima.

Nikakimbia, lakini draiva ya tatu nayo ikaachia, na hiyo ndiyo inayoshikilia kisu juu. Kikaanguka na uzito wake wote, huku kinazunguka, kikatoboa ubao, kikaingia kwenye meza ya wenye salle, moshi! Kibonye kiko wapi? Chini ya kitambaa. Nikaingiza kichwa, makalio juu mbele ya wakwe wote, nikavuta kitambaa, nikapapasa, nikapiga kibonye. Mota zikanyamaza. Halafu nikasikia pwaa. Keki.

Na kompyuta, bila aibu, ikaendelea kumuandika Dieudonné kwa mota zilizokufa, ikamaliza, ikatangaza kwenye ekran: kazi imekwisha vizuri.

"Si nilisema hii mashine iko mubaya?" Nani alisema hivyo? Maman Chantal! Tonton mumoja wa ukoo akaelezea meza yake yote kwamba ni virus. Papa alipangusa krimu kwenye kiatu, akasema tu, "Chumba kitabaki cha maharagwe."

Nilitaka kuuchoma ule ubao. Furaha akaninyang'anya, anacheka mpaka machozi, na leo uko ukutani kwake, FURI na shimo, na Dieudonné hamwiti mke wake jina lingine.

Juzi Maman Chantal amenipigia simu. Anataka nimuchongee kibao cha biashara yake, na anataka aje aangalie. Aje. Nimeapa boksi yangu haitafunikwa tena hata na leso, na mutu akileta kitambaa karibu yake, nitamuchonga yeye.