Sauti Isiyokatika

Kwa miaka miwili Noela aliamini kwamba kinachomtenga na mumewe ni mtandao.

Evod alikuwa fundi mitambo mgodini, mbali huko Geita, na nyumbani Ifakara alifika mara mbili kwa mwaka: mavuno ya mpunga na Krismasi. Alisema analala bweni la kampuni, la wanaume tu. Ndiye aliyelipia faiba ivutwe mpaka nyumbani, na kwa kuwa kuta za tofali za kuchoma zilimeza mawimbi, akaongeza visanduku vitatu vyeupe vya kupokezana mtandao: sebuleni, chumbani na barazani. Yote hayo ili kila Jumamosi mchana acheze mbio za magari na binti yao, Febronia, wa miaka saba. Alimwita "mama", maana Febronia ndilo jina la mama yake mzazi, na kwao mwanamume humpa jina hilo binti wake wa kwanza tu.

Lakini sauti ilikatika. Evod alianza neno, likapotea. Nyuma yake zikabaki kelele, kama mtu anayecheka ndani ya debe. "Mtandao wenu huo," alisema, kisha kimya. Mtoto analia, gari lake limeganda.

Noela akauza magunia mawili ya mpunga, akaagiza ruta ya gemu, mtambo wa kugawa mtandao wenye kasi zaidi. Hakumwambia Evod, alitaka kumfurahisha ghafla. Iliposhushwa kwenye basi, aliibeba kifuani kama kichanga.

Jumamosi fundi Zakayo akaifungua. Nyeusi, antena zimesimama kama miguu ya kaa wa mtoni aliyepinduliwa.

"Mama Febi, hili dude linataka kupaa!"

"Likipaa na wewe unalifuata huko huko. Hela yangu umeshakula."

Zakayo akacheka. Akaichomeka kwenye boksi la faiba, akalizuia boksi lenyewe lisigawe tena mtandao. "Wagawaji wawili nyumba moja watagombana tu. Sasa anagawa huyu mpya, vile vyeupe vinasambaza chake." Akazunguka chumba kwa chumba kuviunganisha upya, akarudi sebuleni anajipangusa jasho. "Haya Febi, hata mama akiangalia video, gemu lako ndilo linapita kwanza. Chomoa hizo za masikioni, tusikie wote kwenye runinga."

Magari yakaondoka. Hakuna kuganda.

"Baba, unanisikia?"

"Nakusikia, mama! Leo vipi, mbona safi hivi?"

Sauti ilikuwa kama ya mtu aliye jikoni. Noela akafumba macho, akatabasamu.

Mlango ukalia nyuma ya Evod. Kisha mfuniko wa sufuria. Kisha sauti ya mwanamke, isiyo na haraka, ya mtu aliye kwake: "Baba Febronia, chakula tayari."

Na kitoto cha kike, karibu kabisa: "Baba, unacheza na nani?"

Febronia akageuka, macho yanang'aa. "Mama! Kumbe kwa baba kuna Febronia mwingine?"

Zakayo akainama kutafuta bisibisi iliyokuwa mkononi mwake.

"Muulize," Noela alisema. "Muulize ana miaka mingapi."

"We, una miaka mingapi?"

"Tisa," runinga ikajibu, bila kukwaruza.

Tisa. Ndoa yake Noela, iliyofungwa kanisani, kijiji cha Mbingu, ilikuwa na miaka minane. Akavikumbuka vile vicheko vya ndani ya debe, kimoja kimoja, Jumamosi baada ya Jumamosi. Alivilaumu visanduku. Mara nyingine alivifuta vumbi kwa kitenge chake, akiviomba.

Akamvuta mwanawe, akamshika kichwa.

"Basi ni dada yako. Mpe shikamoo."

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Gari la Evod likasimama katikati ya barabara, kisha halikuwepo.

"Mama, mtandao umekwama tena?"

Noela akatazama ruta. Taa zote zilikuwa za kijani, zimetulia.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Mtandao uko sawa."