Mutua na Prosesa ya Kiume

Ndugu na jamaa, kwa heshima zote natangaza: binamu yangu Mutua amenunua laptop ya gemu.

Nilimshauri achukue yenye prosesa ya laptop, ile ya mezani inafyonza betri. Akanicheka. "Hiyo ni ya watoto. Mimi nataka ya desktop, kitu ya mwanaume!"

Akauza mbuzi wa ntheo, wale wa kumposea mchumba wake Mwende.

Leo babake Mwende amekuja kwetu Kanyangi kuwaona mbuzi hao.

Mutua akamfungulia laptop. Gari la gemu likakimbia, feni ikalia kama posho mill ya kusaga mahindi, halafu giza. Betri imekwisha.

"Mzee, ngoja niichaji."

"Chaji, mwanangu. Ikizaa, nitamleta Mwende."

Sikucheka. (Nilicheka. Nyinyi je?)

Kwa Mutua stima haijafika.