Malengelenge na Mrija

Mpaka leo nikipita pale dukani pa dawa natamani kuingia nimtukane yule muuzaji. Nilimwendea na kikohozi, akanipa vidonge, akasema, "Mama, kunywa baada ya kula." Basi. Kuhusu jua, kimya. Mkulima wa Kasulo, msimu wa maharage, na hukumwambia kuhusu jua? Ulidhani nashinda wapi, chini ya feni?

Maharage kwetu hupurwa saa sita, jua likiwa kali kabisa, maana hapo ndipo maganda hupasuka. Nikapura. Jioni mikono ikawaka moto kama nimemwagiwa uji. Asubuhi nikaamka na malengelenge mikononi, shingoni, usoni. Chini ya kanga, ngozi safi, hata lengelenge moja hakuna! Mtu mwenye macho angeona kuwa ni jua. Lakini majirani zangu, wee! Wengine walisema nimelogwa. Wengine walisema mkanda wa jeshi, wakishusha sauti, kwa kuwa ukisema mkanda wa jeshi hapa umeshasema na ule ugonjwa mwingine, wa virusi.

Daktari wa Biharamulo aliniuliza swali moja tu: nimekunywa dawa gani. Nikamwonyesha. Akasema dawa ile na jua haviendi pamoja, niiache, nikae kivulini, na malengelenge haya hayaambukizi. Nilirudi nikamweleza kila aliyeuliza, na ambaye hakuuliza pia.

Wiki hiyohiyo wakaja wakwe kumposa binti yangu. Tungeahirisha, lakini binti alimpenda yule kijana, nami sikutaka uso wangu umharibie. Rubisi, pombe ya ndizi zangu, ikawekwa katikati, mirija ikachomekwa chunguni, kama tunavyokunywa na watu tunaotaka kuwa ndugu zao. Nikawaambia mapema: ni dawa na jua, daktari kasema haiambukizi. Wakaitikia, "Pole sana, mama."

Nilipoinama na mrija wangu, shangazi wa kijana akanisogezea kikombe. "Wewe mama tukuwekee humu, usijisumbue."

Kikombe! Nyumbani kwangu! Damu ilinichemka. Sikukigusa. Nilichomeka mrija wangu chunguni nikanywa, tena nikavuta kwa nguvu mpaka wasikie. Shangazi akautoa wake. Mjomba wa kijana akautoa wake.

Ukabaki wa kijana. Binti yangu alikuwa amepiga magoti kando ya chungu, anamtazama. Nilisahau hasira zote, nikawa naomba tu moyoni: kunywa, mwanangu, kunywa hata kidogo. Kijana akamwangalia shangazi yake, kisha akauchomoa mrija taratibu, akaufuta, akauweka chini.

Binti alisimama. Alikibeba chungu kizima, akaingia nacho ndani, akaniita, "Mama, njoo tunywe."

Nilimfuata. Alinipa mrija wake mwenyewe.