Bei ya Kabichi Tanga

Nimeishi Dar miaka sita, Mombasa mmoja na nusu, na sasa niko Tanga. Ukitaka kujua wapi nyanya zina bei ya kuchekesha na wapi ya kuliza, niulize mimi. Wenzangu kazini waliniita mkaguzi wa masoko, nami nikajivunia.

Mama alipoanza kusumbuliwa na sukari, nilimshusha kutoka Shume, kijijini kwetu kule milima ya Lushoto, nikakaa naye Tanga, awe karibu na kliniki. Daktari alisisitiza kwamba dawa zile zinataka chakula, asiruke mlo. Nikaona ni jambo dogo. Mama yangu ni mkulima, mtu wa kula ndiye huyo.

Wiki ya kwanza nikaenda naye sokoni. Akasimama mbele ya meza ya kabichi, akaigonga moja kwa kidole.

"Hii ya wapi, mwanangu?"

"Ya Lushoto hiyo, mama," muuzaji akamjibu. "Imeingia asubuhi."

Akauliza bei. Alipotajiwa, akaurudisha mkono. Kwetu mboga haiulizwi bei. Unachukua kisu, unatoka nyuma ya nyumba, na zako zikiisha unachuma kwa jirani, utamwambia mkikutana. Mama alikuwa na miaka sabini na kitu, na alikuwa hajawahi kununua jani la mboga.

Njiani nilitaka kumtuliza. Badala ya kunyamaza, nikafungua mdomo: Tanga ni nafuu, mama, ungeiona Dar! Nikamtajia kodi, umeme, mkaa, maji ya bomba. Nikailinganisha miji yote mitatu, kitu kwa kitu, kwa raha zangu. Yeye aliitikia tu, "Ee, mwanangu. Ee." Nilidhani namfurahisha.

Tangu siku hiyo, nikirudi kazini nakuta chakula changu kimefunikwa. "Mimi nimekula mapema," anasema. Nikamwamini, mjinga mimi. Maji ya kuoga akawa anajipimia kwa kikopo. Siku moja jirani akanipigia simu: mama kaanguka uani. Hospitali wakasema alikunywa dawa bila kula, sukari ikashuka mno.

Alipopata nguvu alitaka jambo moja tu, kurudi nyumbani. Nilimbembeleza, nikagomba, nikalia. Akapanda milima yake. Kule kliniki iko mbali, na barabara zetu wakati wa mvua zinajulikana. Hakumaliza mwaka.

Baada ya mazishi nilikaa jikoni na mama mdogo, tukimenya viazi vya wageni. Nikamuuliza kama dada yake aliwahi kulalamika kwamba sikumtunza.

"Hata siku moja. Alikusifu kwa kila mtu."

Akamenya kiazi kingine, kisha akaendelea kwa Kishambaa, kama tufanyavyo maneno yakiwa mazito. Alisema mama aliwaambia kwamba kule kwangu kila tonge lina bei, na mimi nimezikariri zote.

"Akasema, 'Nisingeweza kukaa pale namla mwanangu.'"