Umeisha Kulota?

Baba alipofariki, wazee wa msikiti wetu hapa Bunia walikataa kumkabidhi mdogo wangu pikipiki aliyorithi. Walisema yatima hapewi mali yake mpaka aonekane ana rushdi, yaani akili iliyokomaa ya kujiongoza. Sikuwabishia. Alikuwa mrefu kuliko mimi, sauti imeshakuwa nzito, lakini bado aligombana na watoto wadogo juu ya gololi. Pikipiki ikawekwa kwa baba mdogo.

Mchana mmoja aliichukua bila ruhusa, akashuka nayo barabarani kwenye vumbi, akamgonga mzee wa mtaa wa pili aliyekuwa anatoka kuswali adhuhuri. Mzee yule hakufika jioni.

Familia ya marehemu, Waislamu kama sisi, hawakukimbilia polisi. Walisema wazee waamue. Kama ni mtoto, kalamu ya dhambi haijaanza kumwandikia, nao watasamehe. Kama ni mkubwa, ajibu kama wakubwa.

Baada ya maziko tukaketi msikitini, sisi wanawake nyuma ya pazia. Sheikh akamwuliza kwa upole, "Mutoto yangu, umeisha kulota?"

Aliyesoma chuoni, kwenye madrasa, anajua swali hilo halihusu usingizi tu. Linauliza kama mwili umeshapata ile ndoto ya ujana, alama ya kubalehe. Mdogo wangu chuo alikuwa anakitoroka.

"Ndiyo, sheikh," akajibu. "Kila siku."

Tangu msiba alikuwa anamwota baba, na kila asubuhi alitusimulia kwenye chai baba alivaa nini, alisema nini. Nikapaza sauti, "Hakuelewa swali. Iko anasema juu ya papa." Mzee mmoja akajibu kutoka upande wa pili wa pazia, "Bamama, mutulie." Wenzangu wakanivuta nguo nikae, na wazee wakaamua kwamba ameshabalehe.

Nilichemka, na mpaka leo nachemka. Ni wazee walewale. Kwa pikipiki alikuwa mtoto, kwa kasho, jela ya polisi, amekuwa mwanaume. Baba mdogo akanieleza kwamba rushdi ni habari ya mali, makosa hutazamwa kwa mwili. Labda ndivyo vitabu vinavyosema, mimi sikusoma vyote. Ninachojua, mdogo wangu hakuwa na akili mbili, moja ya mali na nyingine ya makosa.

Wakampeleka polisi. Kesho yake nilimpelekea bugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Alikula haraka, akalamba vidole, kisha akaninong'oneza kwenye nondo.

"Yaya, uwaambie batu ba ule muzee, nitawachotea maji mwezi muzima. Na kuni pia. Basi nitarudi leo?"

Nilitoka pale moja kwa moja hadi kwa mjane wa marehemu. Alikuwa ameketi mkekani, ndani ya eda, naye alikuwa hajawahi kumwona mdogo wangu hata siku moja. Nikamfikishia maneno yale kama yalivyo, maji na kuni. Akauliza kama namchezea. Nikaapa.

Akavuta kitenge, akajifunika uso, akalia kwa muda mrefu.

"Kumbe ni mutoto," akasema. "Sababu gani hamukutuambia?"