Tenki Lililoota Mlenda

Mama mwenye gesti aliponichukua kazi pale Mpanda mjini, tulikubaliana nitandike vitanda, nifue mashuka, nipokee wageni. Samaki hawakuwemo. Walikuja baadaye, wawili, rangi ya chungwa na mistari myeupe, pamoja na tenki la kioo na fundi kutoka Dar. Fundi alilifunga pale mapokezi kwa siku mbili huku analalamikia joto. Mtu wa Dar, analalamikia joto!

"Mgeni akiingia tu aione bahari," Mama alisema.

Mimi bahari sijawahi kuiona. Sasa nikawa naifuta vumbi kila asubuhi.

Fundi aliniachia ndoo ya chumvi maalum, kipimo cha kupimia huo uchumvi, na konokono wanne wa kula uchafu. Kila wiki natoa maji ndoo moja, nachanganya mengine na chumvi, napima, narudishia. Akasema tenki jipya lazima litoe vumbi la kahawia kwenye mchanga, nisihangaike nalo, litaondoka lenyewe. Na kweli lilitoka, likaondoka. Nikajiona daktari.

Kisha Mama akasafiri kwenda Dodoma, binti yake alikuwa anakaribia kujifungua. Begi mkononi, akanigeukia mlangoni.

"We binti, samaki hawa wakifa usinisubiri. Panda gari urudi kwenu Litapunga."

"Na wakizaa je, Mama?"

"Wakizaa utawanyonyesha wewe. Haya, kwaheri."

Nilicheka kwa mdomo tu. Kwetu napapenda, lakini nikirudi linanisubiri jembe, na shangazi ambaye kila akiniona ananitafutia mchumba.

Siku ya kufua nikaitoa ile ndoo ya chumvi nje ili nipate nafasi ya kuweka mashuka. Mfuniko sikuubana. Nikaenda sokoni, mvua ikapiga, kurudi nakuta ndoo imekuwa supu. Nikaimwaga. Sikumwambia mtu, hata wale samaki niliwapa mgongo.

Chumvi ya jikoni fundi alishaikataza, alisema bahari ina madini mengi. Nikakaa nawaza madini, madini, ndipo nikamkumbuka kaka yangu anayefuga ng'ombe kule Magamba. Ng'ombe zake zinakula chumvi yenye madini, hata kwenye mfuko imeandikwa hivyo. Nikamwambia anipe mfuko mmoja.

"Umenunua ng'ombe wewe?" akauliza.

"Nina wawili. Wadogo sana."

Ile chumvi niliikoroga mpaka mkono ukauma. Yote haikuyeyuka, nikaichuja na kitambaa, nikapima. Kipimo kikasema sawa kabisa. Kama kipimo cha fundi kimekubali, mimi nani nibishe?

Wiki haijaisha, kioo kikawa kijani. Nikasugua na mswaki. Kesho yake kijani tena, na juu ya mawe vimeota vitu kama nywele, vinacheza cheza. Nikanyofoa. Vikaota virefu zaidi, vinateleza. Wageni wakapata la kusema.

"Dada, leo mboga ni mlenda?"

"Mlenda ni wa wanaolipa mapema," nikawajibu, lakini ndani nimechanganyikiwa.

Nikampigia fundi. "Huo ni mwani," akasema. "Badilisha maji. Usiende mara moja kwa wiki, nenda mara mbili."

Nikabadilisha mara mbili. Mwani ukanenepa. Nikabadilisha mara tatu, ukafika juu ya maji. Nilishindwa kuelewa. Kila nikisafisha ndiyo nachafua! Nikasema labda ni jua, nikaziba dirisha kwa shuka. Labda taa, nikazima. Labda yule mgeni wa chumba namba saba, maana alikuwa analitazama tenki muda mrefu bila kusema neno. Nikamhamishia namba mbili, kwa kisingizio cha bomba. Mwani haukujali. Konokono wakaanza kudondoka kwenye kioo mmoja mmoja, na hakuna aliyepanda tena.

Jumatatu nikasikia Mama anarudi Ijumaa. Nikachukua mfuko wa chumvi nibadilishe maji kwa mara nyingine, na kwa mara ya kwanza nikausoma wote, mpaka yale maandishi madogo ya nyuma. Kuna neno pale: fosforasi. Nikalisoma tena. Nalijua neno hilo. Lipo kwenye mifuko ya mbolea ya kupandia mahindi kwetu, nimekalia mifuko hiyo utoto wangu wote.

Nikakaa chini pale pale sakafuni. Mwezi mzima nilikuwa naweka mbolea. Halafu nashangaa shamba limestawi.

Samaki mmoja alishalala pembeni, hali chakula. Ile chumvi maalum inatoka Dar, na fundi haitumi bila Mama kumwambia. Nikisema, narudi Litapunga. Nikinyamaza, samaki wanakufa, narudi Litapunga. Basi heri nirudi na samaki wakiwa hai. Nikapiga simu Dodoma, nikasema yote, mvua, ndoo, mfuko.

Mama akanirudisha kwenye mfuko.

"Ya ng'ombe?" akauliza.

"Ya ng'ombe, Mama."

"Mpigie fundi, mwambie hivyo hivyo kwa mdomo wako. Chumvi atume. Sisi tutaongea nikija."

Fundi alicheka mpaka akakohoa, lakini chumvi ikaja na basi Jumatano. Nikabadilisha maji siku hiyo, na Alhamisi, na Ijumaa asubuhi. Yule wa pembeni alikufa Alhamisi. Mwenzake akaanza kula.

Mama akaingia Ijumaa mchana, hata begi hajaweka chini. Akasimama mbele ya tenki.

"Mmoja?"

"Mmoja, Mama."

Alisema samaki wakifa. Mmoja kafa, mmoja yupo. Hapo mtu anafukuzwa au hafukuzwi? Mama akaweka begi chini. Akaenda kuoga.

Wiki zikapita, hatukuongea habari ya samaki. Nilikuwa nimeshafunga nguo zangu kwenye begi, naishi kwa kuchomoa moja moja. Mwani ukaanza kupungua taratibu, nywele zikalegea, nikawa nazivuta zinakuja zenyewe. Siku moja nipo mkono mzima ndani ya maji, Mama akatoka chumbani na simu sikioni.

"Fundi anauliza, utaweza kutunza samaki wangapi?"

"Mama, kwa hiyo nabaki?"

"Nimekuuliza idadi."

Nikamwambia watatu.