Mama Mkwe na Mto Skamanda

Jina lake la utani lilikuwa Bi Ushahidi, na alilistahili. Mwambie sufuria inaungua, atakuuliza nani kasema. Alifanya kazi kwenye duka la kuchapa barua na kutoa nakala. Wateja wakipungua, alihariri ensaiklopidia ya mtandaoni, kurasa za miungu ya mito ya Wagiriki wa kale. Kwa nini mito, na mumewe kachukuliwa na mto? Usiniulize mimi. Kamuulize mwenyewe kama unathubutu.

Mumewe alikuwa fundi wa pampu za maji. Mto ulifura akiwa anasafisha chujio, ukaondoka naye. Mwili haukuonekana.

Alibaki na mama mkwe, na huyo ndiye aliyekuwa mpimaji wake. Kila ukurasa alimsomea kwanza. Bibi akielewa, unapanda mtandaoni. Asipoelewa, unaandikwa upya.

Sasa, kuna mtu alikuwa ameandika kwamba Skamanda, mungu wa mto, shujaa mmoja alipomjazia maiti za vita, aliwameza wote, wafu na walio hai. Uongo mtupu! Bi Ushahidi alirekebisha kama shairi la kale linavyosimulia, akamsomea mama: mungu yule alinguruma kama fahali, akawatupa waliokufa ukingoni, na waliokuwa hai akawaficha salama vilindini mwake.

"Rudia hapo, mwanangu."

Akarudia.

"Waliokufa anawatupa nje?"

"Ndiyo, mama."

"Na mwanangu katupwa nje?"

"Hapana, lakini mama..."

"Basi."

Kesho yake bibi alivua nguo za msiba. Kila alasiri akawa anakwenda mtoni, anarudi gauni linachuruzika maji, anaimba. Mfa maji haachi kutapatapa, majirani walisema. Bi Ushahidi aliingiwa na hofu: iko siku mama hatarudi. Akaifuta ile sentensi. Mhariri mwenzake akairudisha papo hapo: "Dada, mbona umefuta? Si ndivyo shairi linavyosema?" Ndivyo. Aliona haya, akaiacha.

"Mama, ile ni hadithi tu ya Wagiriki," alijaribu kumweleza.

"Kwani mimi mtoto? Najua ni hadithi," bibi alicheka. "Haya mengine kaniambia mwanangu mwenyewe."

Alasiri iliyofuata Bi Ushahidi alifunga duka mapema, akamfuata. Alimkuta katikati ya maji, yamemfika kiunoni, anaitikia kwa kichwa kama mtu aliye kwenye simu.

"Mama, toka! Utanifia!"

"Ngoja, anaongea." Bibi hakugeuka. "Anauliza kama bado una hasira kwa maneno ya asubuhi ile."

Asubuhi ya siku ile mto ulipomchukua, yeye na mumewe waligombana chumbani, mlango umefungwa, kwa kunong'ona, mama asisikie. Bi Ushahidi hakuwahi kumwambia mtu.

Aliingia majini na viatu vyake ili amtoe. Alipomfikia alimshika mkono, lakini hakumvuta.

"Mwambie sina, mama," alisema. "Mwambie sina hasira."